Neno "ndogo" na mgongo wa baba

Neno la kwanza nililomkosea baba ni mshipa. La pili ni ndogo. La tatu sikulitamka kabisa, na hilo ndilo lililokaribia kutuponza.

Ilikuwa mwezi wa tano mwaka jana, hapa Lubumbashi, katika chumba cha daktari wa mgongo. Daktari alikuwa ametoka Kinshasa. Alikuwa na Kifaransa na Kilingala; Kiswahili chake kilitosha kusalimia na kuelewana na mwenye teksi, basi. Baba ni mzaliwa wa Kalemie, na kwa miaka 26 ameendesha malori kati ya Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa. Kifaransa chake ni cha barabarani: anajua karatasi zote za gari na kila kipande cha moteri, na anajua kubishana na polisi mpaka polisi mwenyewe acheke. Kifaransa cha daktari ni kingine. Kwa hiyo tulipoketi alininyoshea kidole, akasema kwa fahari: "Huyu mama iko ku iniversite, anasoma maluga. Yeye njo atanieleza." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Wenzangu wa Lugha za Kiafrika mtanielewa. Tangu mwaka wa kwanza tunafundishwa kwamba Kiswahili kinaweza kusema kila kitu, na kwamba kukimbilia Kifaransa ni uvivu. Nami nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa istilahi, nimepata alama nzuri. Niliazimia kwamba siku hiyo hakuna neno la Kifaransa litakalopita mdomoni mwangu.

Daktari alitundika picha za skana mbele ya taa, akaonyesha kwa kalamu. «Hernie discale», akasema, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, nayo inabana neva. Nikamgeukia baba, nikasema kwa sauti ya darasani: "Baba, una ngiri ya mgongo. Kuna mshipa umebanwa."

Baba alinyamaza. Aliangalia viatu vyake, kisha akaniangalia mimi kama mtu aliyevuliwa nguo, kisha akarudi kwenye viatu. Mimi nilidhani ni uchungu wa mguu.

Uchungu huo tulikuwa tumeuzoea nyumbani kwa miezi mitatu. Ulianza siku aliposaidia kusukuma gudumu la akiba, na kesho yake hakuweza kuinuka kitandani. Mgongo ulipoa baada ya wiki moja. Lakini kutoka tako la kuume likaanza jambo jingine, linashuka nyuma ya paja, linapita upande wa nje wa goti, linaishia kwenye kidole gumba cha mguu. "Mugongo ni kidogo tu," alikuwa akisema, "ni muguu njo inaniua. Ni sawa moto inashuka." Akikohoa, moto unashuka. Akiketi, unashuka. Dereva asiyeweza kuketi! Tulikanda mguu kwa mafuta, tukapaka dawa za soko, jirani akaleta mtu wa kuchanja kwa wembe, muuza dawa akauza sindano. Wote hao walitibu mguu. Hakuna aliyegusa mgongo, maana mgongo haukulalamika.

Ni jambo la kushangaza kwamba hata waganga wa Ulaya na Marekani hawakuona uhusiano huo mapema. Ilikuwa mwaka 1934 tu ambapo madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliandika makala iliyothibitisha kwamba maumivu haya ya mguu mara nyingi yanatoka kwenye diski ya mgongo iliyopasuka. Kabla ya hapo wapasuaji walikuwa wakikuta kinyama kinabana neva, wanakitoa, na wanakiita uvimbe ulioota. Kumbe hakikuota. Kilitoka mahali pake.

Basi baba alitoka katika chumba kile akiwa na maneno yangu mawili, ngiri na mshipa, na kwa wiki tatu hakumwambia mtu hata mmoja daktari alisema nini. Mama alimuuliza, akajibu: "Ni ugonjwa ya mugongo." Baba mdogo alipiga simu, hakujibiwa. Mimi niliona ni ukaidi wa wazee.

Ninyi mnaojua Kiswahili cha ziwa na cha pwani mmekwisha kuona nilipoanguka. Mshipa ni neno lenye mzigo mkubwa kupita kiasi. Ni njia ya damu, ni neva, na ni ugonjwa wa wanaume, ule wa kuvimba sehemu za siri, ambao hautajwi mbele ya watoto. Ngiri nayo iko jirani kabisa. Mimi nilizaliwa mjini na neno mshipa nililijua kutoka kitabu cha biolojia. Baba alilijua kutoka kwa wazee wa Kalemie. Kwa hiyo alichosikia kwa binti yake, mbele ya mtu mgeni, ni kwamba ana ugonjwa wa mapumbu ambao umepanda mgongoni. Alikuwa na haki ya kuangalia viatu.

Aliyetuokoa ni tairi. Rafiki yake mmoja wa garaji alikuja kumwona, wakawa wanaongea uani juu ya lori lililopasuka tairi ya mbele karibu na Likasi. "Pineu ilikuwa na erni," rafiki akasema, "bakaiacha tu vile." Nilikuwa nafua nguo pembeni. Nikaacha kufua. Katika Kifaransa cha mafundi, tairi ikitoa kivimbe ubavuni, kile kivimbe kinaitwa hernie, na hakuna dereva katika Katanga nzima asiyelijua neno hilo. Nikainuka na mikono yenye sabuni nikamwuliza: "Baba, erni ya pineu ni nini?"

Akanieleza kwa subira, kama anavyomweleza msaidizi wa dereva. Tairi ina nyuzi ndani, zimesukwa tabaka juu ya tabaka. Ukipiga shimo vibaya, nyuzi zinakatika mahali pamoja. Ngozi ya nje bado nzima, lakini hewa ya ndani inasukuma pale penye udhaifu, inatoa kivimbe. Ukiendelea kubeba mzigo, siku moja itapasuka.

Nikamwambia: "Baba, hiyo njo iko mu mugongo yako."

Diski ni hivyo hasa. Kati ya pingili na pingili kuna mto mdogo wenye duara la nyuzi ngumu kwa nje, nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na kiini laini kwa ndani. Nyuzi zikichoka au zikipasuka, kiini kinasukumwa nje, na kwa kuwa neva ya mguu inapita pale pale nyuma, kinaigandamiza. Neva inayobanwa kiunoni inalia mguuni, kwa sababu huko ndiko inakokwenda. Baba aliniangalia kwa muda. "Kumbe ni erni sawa ya pineu," akasema. "Na ile mushipa ulisema?" Hapo ndipo nilipojua wiki tatu hizo alizibeba vipi. Sitaandika hapa namna nilivyojisikia. Niseme tu kwamba neno lile lile la Kifaransa nililolifukuza kwa ajili ya usafi wa lugha lilikuwa tayari ni lake, kwa miaka 26, nami nilimnyang'anya nikampa la aibu.

Kosa la pili lilikuwa limefanyika siku ile ile, ila lilichelewa kuota.

Daktari alikuwa amesema kwanza tungoje. Dawa za maumivu, kutembea kidogo kidogo, kutolala kitandani mchana kutwa, kutobeba, na tuonane baada ya wiki sita, maana erni nyingi za namna hii zinatulia zenyewe. Baadaye nilisoma utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ambao ulisema jambo hilo hilo kwa hesabu: wagonjwa 283, nusu wakapasuliwa mapema, nusu wakangojeshwa na kupasuliwa tu wakishindwa. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, lakini mwaka ulipokwisha makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, na walio wengi katika kundi la kungoja hawakuhitaji kisu kabisa. Hayo yote daktari aliyasema kwa ufupi, nami niliyafasiri kwa ufupi zaidi.

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba siku hizi kuna «chirurgie mini-invasive», inayofanywa kwa mrija, ila hapa hana vyombo vyake. Hapa angefungua kwa njia ya kawaida. Baba akauliza: "Alisema nini?" Nikajibu: "Anasema kuna ka-operasio kengine, kadogo, banafanyaka ku inje."

Ka-operasio. Kiswahili sanifu hupunguza ukubwa kwa ki- na vi-: kitoto, kijumba. Sisi watu wa Lubumbashi tunapunguza kwa ka- na tu-, kama wanavyofanya Wabemba na Waluba, na ka- yetu haipimi urefu tu. Inabembeleza. Inadharau. Inasema kitu hiki hakina uzito, usiogope, kitapita. Kabia kamoja, kasafari, kashida. Ukiiweka mbele ya operesheni, umekwisha kutoa hukumu kabla ya daktari.

Neno likatoka chumbani mle, likafika nyumbani, likapanda simu. Baba mdogo, ambaye ni mfanyabiashara na amezunguka, akasema amemjua mtu aliyekwenda India kwa mgongo akarudi anatembea. Shangazi akasema ka-operasio ni siku mbili, siku ya tatu mtu anarudi kazini. Mwishoni mwa mwezi wa sita jamaa wakakaa kikao sebuleni kwetu. Habari ilikuwa moja: kuuza kiwanja cha upande wa Kasapa, kile ambacho baba alikinunua kipande kwa kipande na ambacho juu yake tumekwisha kumwaga matofali, ili aende kufanyiwa ka-operasio nje. Kwa nini apasuliwe operesheni kubwa hapa, wakati kuna ndogo kule? Nani angeweza kubisha? Swali lilikuwa na jibu ndani yake, na jibu nilikuwa nimelitia mimi.

Nilikuwa nimeketi karibu na mlango pamoja na mama. Binti hasemi kwanza katika kikao kama hicho, na sikusema. Lakini kesho yake asubuhi nilikwenda peke yangu hospitalini, nikamngojea daktari mpaka saa nane mchana, nikamwuliza: ndogo ni nini hasa?

Alicheka, lakini si kwa dharau. Akachukua karatasi akachora.

Zamani, akasema, mtu akipasuliwa diski anakatwa mkato mrefu katikati ya mgongo, misuli inabanduliwa na mifupa pande zote mbili, sehemu kubwa ya mfupa wa nyuma inaondolewa ili mpasuaji aone. Mgonjwa anapona mguu, anabaki na mgongo uliojeruhiwa. Mwaka 1977 Yasargil huko Uswisi na Caspar huko Ujerumani waliandika, kila mmoja kwa upande wake, namna ya kufanya kazi hiyo kwa hadubini: mwanga mkali na macho yaliyokuzwa, kwa hiyo dirisha linaweza kuwa dogo. Mwaka 1997, Marekani, Foley na Smith wakaleta mrija. Mkato wa sentimeta mbili hivi, kando kidogo ya katikati. Kwanza inaingizwa fimbo nyembamba huku picha ya eksirei ikionyesha ni pingili ipi. Juu ya fimbo kinavishwa kimrija, juu ya kimrija kingine kipana zaidi, na kingine, mpaka nyuzi za misuli zimefunguka zenyewe kama pazia, bila kukatwa. Wa mwisho unabaki mahali pake, na mpasuaji anafanya kazi ndani yake.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema. Akachora alichokuta mwishoni mwa njia zote tatu, akachora mara tatu kitu kile kile. Kipande cha mfupa kinachokwanguliwa. Neva inayosogezwa pembeni kwa uangalifu. Kinyama kilichotoka, kinachovutwa kwa koleo. Utando unaoshika maji ya uti wa mgongo, ambao ukichanika maji yanavuja. Uwezekano wa usaha, wa neva kuumia, wa erni kurudi mahali pale pale, maana tundu la duara halishonwi. "Udogo uko huku," akaonyesha ngozi na misuli. "Huku ndani hakuna ndogo."

Aliniambia pia nitafute utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2009. Niliupata usiku ule kwenye simu: wagonjwa 328 katika hospitali 7, wengine walipasuliwa kwa mrija, wengine kwa mkato wa kawaida wenye kukuzwa macho. Baada ya mwaka, wale wa mrija hawakuwa wamewashinda wenzao. Kwa maumivu ya mguu na ya mgongo walikuwa nyuma kidogo. Nilisoma mara mbili kwa sababu nilitaka iwe kinyume. Siseme kwamba mrija hauna faida: katika operesheni nzito zaidi, kama kuunganisha pingili kwa skrubu, njia nyembamba inapunguza damu inayopotea, na hilo si jambo la kuchezea. Lakini kwa diski moja ya baba, kati ya ndogo ya nje na kubwa ya hapa, tofauti iliyobaki ilikuwa sentimeta chache za ngozi. Kwa bei ya kiwanja.

Sasa ilibidi nirudishe neno nililolitoa. Kutoa ni rahisi. Baba mdogo alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Mutoto, wewe mwenyewe ulisema ni kadogo." Nilirudi kwa baba, kwa sababu yeye anaelewa vitu vikiwa na vipuri. Nikamwambia: kuna fundi anayeshusha moteri yote ili abadilishe kipande kimoja. Kuna mwingine anayepitisha mkono pembeni, bila kufungua kitu. Kipande kinachobadilishwa ni kile kile, na akikosea kukifunga, gari litasimama vile vile. Akafikiri. "Lakini yule wa mukono," akasema, "anapashwa kuwa fundi kabisa. Haone muzuri." Alikuwa amegusa jambo ambalo wapasuaji wenyewe wanalisema: njia ya mrija inachukua muda kujifunza, kwa sababu dirisha ni jembamba.

Kiwanja kilikuwa bado kinasubiri mnunuzi wakati sapatu ilipoanza kuanguka.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa saba. Baba akitembea, sapatu ya kuume inamtoka, anageuka kuitafuta kwa vidole. Tulicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu niliona kwamba mguu wenyewe unaburuta ncha, unapiga sakafu kama kofi. Nikamwomba asimame kwa visigino. Wa kushoto ulisimama. Wa kuume ulikataa.

Hapa ndipo lilipo neno la tatu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hatujatoka, daktari alimwuliza baba mambo kadhaa kupitia mimi. Je, mguu una nguvu? Nikafasiri. Je, mkojo unatoka kama kawaida, na anaujua unapotoka? Je, choo kubwa? Je, kuna ganzi katikati ya mapaja, mahali panapogusa kiti cha baiskeli, na kwenye uume? Nikamwangalia baba. Baba aliangalia ukuta. Nikasema: "Anauliza kama unaenda muzuri ku choo." Akajibu: "Ndiyo." Nikamwambia daktari kwamba yote ni sawa.

Hayakuwa maswali ya udadisi. Erni kubwa ikitoka katikati inaweza kubana fungu zima la neva za chini, zile zinazoongoza kibofu, choo na sehemu za siri. Dalili yake ya kwanza inaweza kuwa ganzi hiyo niliyoiruka, au mkojo unaogoma. Hiyo si ya kungoja wiki sita, wala ya kutafuta pasipoti. Inapasuliwa kwa haraka, na mtu akichelewa anaweza kubaki hivyo maisha yake yote. Mimi nilijua kwa Kifaransa daktari anauliza nini. Nilikuwa nayo maneno ya Kiswahili pia, yote, ya adabu na yasiyo ya adabu. Nilichokosa si istilahi.

Tuliporudi hospitalini na mguu ule unaoburuta, nilimwambia daktari mlangoni kwamba siku ile sikufasiri kila kitu. Hakunigombeza. Alimwita muuguzi mmoja mzee, mwanamume, mtu wa Moba, akanitoa nje. Nilisimama kwenye veranda nikihesabu mapigo ya moyo. Muuguzi alitoka baada ya dakika kumi, akasema: "Mikojo iko sawa, ganzi hakuna. Ni muguu tu. Mushukuru Mungu." Nilikaa chini kwenye saruji.

Ila "muguu tu" nao haukuwa wa kungoja. Neva inayoinua unyayo ilikuwa inazimika, na kila wiki iliyopita ilipunguza tumaini la kuirudisha. Daktari alisema apasuliwe wiki hiyo, hapa, kwa njia anayoijua. Baba mdogo alitaka kusema neno juu ya India. Baba akamkatiza: "Huyu njo fundi iko hapa." Kikao cha pili hakikukaliwa.

Alipasuliwa siku ya alhamisi. Daktari alivaa miwani yenye kukuza na taa kipajini. Mkato, nilioupima kwa macho wakati wa kubadilisha bandeji, haukufika urefu wa kidole changu cha kati. Alipoamka kutoka usingizi wa dawa, jambo la kwanza alilofanya ni kukohoa makusudi. Akangoja. Akakohoa tena. Moto haukushuka. Akalia, baba yangu, mbele ya wagonjwa wanne.

Mguu wenyewe umerudi polepole na si wote. Sasa ni mwaka na kitu. Anasimama kwa visigino akishika ukuta, sapatu haianguki tena, lakini unyayo huo ndio wa kukanyagia moto wa gari, na kampuni haikumrudisha barabarani. Anafanya kazi garajini, anafundisha vijana. Tungekwenda mapema, ungerudi wote? Daktari hakunijibu ndiyo wala hapana, nami niliacha kumwuliza.

Katika semina ya istilahi mwaka huu nilileta neno mini-invasive mezani. Wenzangu walipendekeza mengi mazuri: upasuaji mwepesi, upasuaji mdogo, upasuaji wa kisasa. Nilikataa yote matatu, kwa ukali uliowashangaza. Katika magazeti ya Tanzania nimekutana na "upasuaji wa matundu madogo", nao ninaukubali, kwa sababu mwandishi yeyote aliyeuanza aliweka udogo kwenye tundu akauacha upasuaji na uzito wake. Mwalimu aliniuliza kwa nini nang'ang'ania kivumishi kimoja. Nikasema ni habari ya upatanisho wa ngeli.

Jioni moja ya kiangazi hiki tulikuwa tumeketi uani, baba ameweka mguu juu ya kigoda akifanya mazoezi yake. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Siku ile ya kwanza, munganga aliuliza juu ya mikojo, si vile?"

Sikujua la kusema.

"Nilisikia *urine*," akasema. "Kifaransa ile minajua."

"Sasa baba, mbona hukumujibu?"

"Niliona umegeuza uso. Nikasema, huyu ni mama yangu, nitamupatisha haya ya nini?"

Kisha akainua vidole vya mguu wa kuume, taratibu, akahesabu mpaka kumi kama alivyoagizwa, akavishusha.